Waya wa Gotini

Taarifa ya msiba imenifikia kutoka Ruangwa, na nimechoka kuzika watu waliostahili kupona. Mliofanya kazi Nachingwea siku za mradi wa karanga mtamkumbuka marehemu: yule mpole wa karakana ya matrekta, aliyecheka kabla hujamaliza kisa. Mnyororo wa kung'olea miti ulikatika ukampiga, pia ya goti ikapasuka. Daktari wa mradi, Mzungu, akaiunganisha kwa waya. Mguu ukapona, akarudi kulima ufuta na kusujudu kama zamani. Tukamtania kwamba katika mavuno yote ya mradi, yeye ndiye aliyepata chuma.

Mradi ukafa, daktari akaenda kwao. Miaka ikapita, waya ukakatika ndani. Nilipomtembelea msimu wa korosho nilimkuta anasali ameketi, goti limevimba, ncha ya waya imetoboa ngozi na usaha unachuruzika. Nikamsihi twende hospitali ya misheni.

"Bwana we, dawa hufunguliwa na aliyeifunga," akanijibu. "Akifungua mwingine, ugonjwa unahamia kwa watoto."

Mkewe akadakia kutoka jikoni, "Mzungu kesharudi kwao. Utamngoja mpaka lini, baba watoto?"

"Atarudi tu. Karanga zao si bado zimo ardhini?"

Sikuweza kucheka. Huku kwetu ndivyo tulivyolelewa: fundi akikufunga hirizi, hata ikikubana huigusi mpaka aje mwenyewe. Naye aliuheshimu ule waya hivyohivyo. Siku alipofungwa hakuna aliyemwambia kwamba waya huchoka na kukatika, na kwamba daktari yeyote anaweza kuutoa. Wenye mradi walipoondoka walikumbuka kukusanya matrekta hadi spana, lakini kumweleza mtu kilichomo mwilini mwake hawakukumbuka. Haya yananichosha kuliko msiba wenyewe.

Alipelekwa hospitali alipokwisha kuzimia kwa homa. Waya ukatolewa bila shida, lakini sumu ilikwisha kuingia kwenye damu. Mkewe anasema alipozinduka aliuliza nani kafungua. Alipoambiwa, akataka watoto waletwe awatazame. Akawapapasa vichwa mmoja mmoja, kisha akalala.

Wasomaji wangu, anayefunga na aseme nani mwingine aweza kufungua, na anayefungwa asione haya kuuliza. Rafiki yangu alivumilia usaha ule ili wanawe wasiugue. Ni wazima kabisa, na ni yatima.