Siku Niliyomlilia Papa kwa Kiingereza

Nianze na aibu yenyewe ili niitue: mimi, Aline, ambaye nikiitwa ubaoni sauti inakimbilia tumboni kujificha, nilijaza kiwanja chetu watu wa matanga mchana kweupe, na maiti hayupo. Bugarama nzima inajua. Mpaka leo kuna vijana wa kwenye mpunga wakiniona napita wanajifunga kitambaa tayani na kulala chali (cheka tu, mimi nimeshazoea. Sijazoea).

Chanzo ni simu ya Maman. Maman anavuka mpaka kila siku kuuza mchele Kamanyola, upande wa Kongo, na kwa kuwa sokoni kuna wezi, simu yake kubwa anaiacha nyumbani, anakwenda na kale kadogo ka tochi. Likizo hii ile kubwa ikawa kama yangu, na ndani yake kuna kundi linaloitwa Bamaman ba Mupaka, yaani akina mama wa mpakani, ambamo wanaambiana foleni ikoje kwenye baryeri, kile kizuizi cha mpakani, na mvua imenyesha upande gani. Mimi mwenye haya mbele ya watu, kwenye simu haya sina hata chembe. Nikaanza kuwatumia video: miduara inayozunguka kumbe haizunguki, paka kwenye ngazi ambaye hujui kama anapanda au anashuka. Yule paka aliwagombanisha siku mbili nzima. "Anashuka!" "Wewe, macho yako imekufa, iko anapanda!" Mwishowe Maman Zawadi, muuza mafuta ya mawese ambaye ndiye mkubwa wa kundi, akatuma sauti: "Mutoto wa Maman Aline, tuletee ingine, hapa kwa foleni jua inatuchoma." Kwa mara ya kwanza maishani nikawa mtu maarufu, tena bila kufungua mdomo.

Sasa mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa ametupa kazi ya likizo: kila mtu ajirekodi akiigiza kipande cha mchezo mmoja wa zamani wa Waingereza, aweke kwenye kundi la darasa, mwisho Ijumaa saa sita mchana, asiyeweka sifuri. Mimi nikapewa malkia anayemlilia mfalme aliyeuawa. Nikatazama mtandaoni jinsi wenyewe wanavyofanya, wanapiga kelele, wanagaagaa, wanashika kifua, na mimi mwenzenu nilikuwa na mto tu (nilijaribu, lakini mto haufanani na mfalme hata ukiuvalisha kofia).

Ijumaa ikafika. Saa tatu Papa akarudi kutoka zamu ya usiku kwenye kiwanda cha simenti. Maji yalikuwa yamekatika tangu jana, kwa hiyo hakuoga, akabaki mweupe kuanzia nywele mpaka kope. Tena jino lilikuwa linamuuma, amejifunga kitambaa kutoka kidevuni mpaka utosini. Akameza kidonge, akajilaza kwenye mkeka sebuleni maana chumbani bati linawaka moto, akajifunika shuka nyeupe, basi. Nikamtazama. Uamuzi wangu mdogo, ule ulioniua, ulikuwa huu tu: mfalme huyu hapa, wa bure.

Nikamkunja mikono kifuani taratibu (hakushtuka), nikajifunga kitenge cheusi cha Maman kichwani, nikaegemeza simu kwenye chupa ya chai, nikalia. Nililia Kiingereza chote nilichokuwa nacho. Nilipoitazama ile video nilijipenda, nasema kweli, nikabonyeza kundi la kwanza lililokuwa juu, nikatuma, nikazima data kwa sababu mega zilikuwa zinakwisha, nikaficha simu kabatini, nikafunga mlango kwa nje ili kuku wasimsumbue Papa, nikaenda kupanga foleni kisimani. Kundi la darasa halikuwa la kwanza juu. Juu walikuwa bamaman.

Na hapa lazima mjue watu wetu. Kwetu mtu akifiwa hapigiwi simu kuulizwa, "Eti ni kweli?" Ni dharau. Unakuja. Na mwenye msiba akiwa mbali haambiwi njiani, anaambiwa kuna mtu hajisikii vizuri kidogo, anashikwa mikono, analetwa. Kwa hiyo hakuna hata mmoja aliyeuliza. Maman Zawadi aliona video katikati ya soko, akawaambia wenzake (haya nilisimuliwa baadaye): "Mutoto akilia mpaka kizungu inatoka, mujue baba amekwisha."

Niliporudi na bidon ya maji kichwani nikakuta kiwanja kimejaa. Mabenchi ya kanisani, kwaya inaimba, shitingi ya turubai imefungwa kwenye mpapai, moto umewashwa, sufuria ya maharage imeshawekwa, wanaume wamevaa makoti katika joto lile. Waliponiona tu wakalipuka kulia. Nikauliza kwa sauti yangu ya ubaoni, "Ni nani?" Mzee mmoja akanishika kichwa: "Mungu njo anajua, mutoto wangu." Kisha pikipiki ikaingia, masenge wangu wa Nzahaha, dada yake Papa, akashuka kabla haijasimama, anajipiga mapaja, "Kaka yangu! Kaka yangu weee!" Masenge ana kaka mmoja tu.

Nikajua jino limemuua Papa, na mimi nimemfungia mlango. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu na sikuweza kuutoa. Nikalia, safari hii bila Kiingereza, na hakuna aliyegusa mlango kwa sababu wazee walisema tumngoje Maman kwanza.

Maman akaletwa, Maman Zawadi mkono huu, mwingine mkono ule. Walimwambia Papa ana malaise kidogo, lakini mtu mzima anajua malaise kidogo ni nini ukishikwa mikono miwili. Hakuwa analia. Alitazama mlango tu. Kwaya ikanyamaza, wote wakanyamaza.

Sasa Papa wangu analala vizuri kwenye kelele za mashine. Ukimya ndio unaomwamsha.

Mlango ukagongwa kwa ndani. "Aline! Kuya ufungue, niko na mukojo!"

Sijawahi kuona watu wa Mungu wanakimbia hivyo. Shitingi ilianguka na mpapai wake, mzee aliyenishika kichwa alikutwa ndani ya shamba la jirani, masenge alipanda ile pikipiki peke yake na hajui kuendesha. Maman peke yake hakukimbia. Alininyang'anya ufunguo, akafungua, Papa akatoka mweupe na kitambaa chake tayani, akatazama maharage, akatazama mabenchi.

"Nani alikufa hapa kwangu na miye sijui?"

Maman Zawadi akarudi, akamwonyesha video kwenye simu yake. Papa akajitazama amekufa, akaomba arudishiwe mwanzo, akajitazama tena. "Sasa huyu analia nini? Siku nikikufa kweli unililie mu kiswahili, nisikie." Watu wakaanza kucheka, maharage yakaliwa. Mimi nilidhani yamekwisha.

Maman hakucheka. Alikaa chini mlangoni, akaniita karibu, akasema polepole: "Toka kwa baryeri mpaka hapa, nimemuzika papa yako peke yangu. Hakuna muntu alinisaidia." Afadhali angenipiga.

Mwalimu alinipa sifuri, nilichelewa. Wiki tatu nzima niliwafundisha wale bamaman kwamba macho yanadanganya, na siku moja tu waliyotakiwa kukumbuka, nani angekumbuka. Simu nimeirudisha, naapa sitarekodi tena mtu aliyelala, hata paka. Maman naye, kila asubuhi kabla hajabeba mchele wake, anainua shuka na kumfinya Papa kidole cha mguu mpaka aseme, "Niko." Ndipo anavuka.