Samaki Aliyekufa Maji

Juzi sokoni Kashaulili niliona kamongo kwenye beseni, akitoa mdomo nje ya maji kuvuta hewa, nikageuza uso kwa aibu. Mchana mmoja utotoni, bibi alileta kamongo hai, ananuka tope, wa kumpikia supu mama aliyekuwa amejifungua. Nilimsikia akihema ndani ya ndoo, nami bila kujua kamongo huhitaji kuvuta hewa, nikadhani maji hayamtoshi. Nikaijaza pomoni, nikafunika, nikaweka jiwe juu. Bibi alipofunua, samaki alikuwa amekufa.

“Nyie! Nani kamzamisha samaki wa mzazi?”

Kwetu mzazi halishwi samaki aliyejifia.

“Dada,” nilisema.

Dada alichapwa, mama akala ugali kwa mlenda. Hadi leo nikimtembelea dada kwake Misunkumilo, huwaambia majirani, “Huyu ndiye msomi wetu,” nami huzipokea pongezi zao.