Kaporali Aliyetaka Jina Lake Kwenye Kaseti

Wimbo wangu wa kwanza kujulikana ulitoka mgongoni mwa dada yangu. Watu wakiniuliza nilijifunzia wapi kufokafoka, hutarajia niwatajie redio za ng'ambo au kaseti zilizovuka ziwa kutoka Kigoma. Hizo nilizisikia, ndiyo. Lakini ningebaki mwigaji tu, kijana mwingine wa Kalemie anayegeuza kofia nyuma na kubana pua, kama asubuhi moja kaporali hangemcharaza dada yangu mbele ya pwani nzima.

Nilimwita yaya, kama wadogo wote wa kwetu wanavyowaita wakubwa wao. Alinilea baada ya mama kufa, kwa ndagala, yaani dagaa, alizoanika na kuuza palepale pwani. Miaka ile ya mwisho ya Zaïre askari hawakulipwa, basi walijilipa: kila mwanamke mwenye samaki alimtolea askari wa zamu sahani moja. Siku hiyo kaporali alirudi mara ya pili, na yaya akamwambia kwa upole, "Shefu, ya leo ulikwisha kukamata." Ikatosha. Alifungua kordeleti, ile kamba nene ya kusukwa waliyojifunga kiunoni juu ya sare, akampiga hadi akaanguka juu ya samaki wake. Akaendelea kumpiga pale chini, bila hasira yoyote, akihema kama mtu anayetwanga. Wavuvi wawili walinishika mikono nyuma wakininong'oneza kwamba nitauawa. Nilimng'ata mmoja wao hadi damu ikatoka. Ningemuua yule kaporali, na sioni ningekuwa nimekosea nini.

Yaya alilala kifudifudi siku kadhaa. Kila alipogeuka na kuuma meno, mstari ulinijia. Sikutunga kwa huruma, nilitunga kwa chuki, na chuki ina mapigo mazuri sana. Kiitikio kilikuwa mlio wa kamba yenyewe: pa, kimya kidogo, pa. Rafiki yangu alipiga bidoni, dumu tupu la mafuta, mimi nikafoka mbele ya redio ya jirani yetu yenye milango miwili ya kaseti. Studio hatukuwa nayo, wala mtu wa kutusimamia. Nilinakili kaseti mojamoja, nikachora majalada kwa mkono, na wanawake wa samaki wakazibeba kwenye treni ya Kabalo na kwenye maboti ya Kigoma. Wimbo haukumtaja mtu. Ulisema mwanamke, samaki, kamba. Muda si mrefu wanawake wakawa wanauimba huku wakigeuza ndagala juani, na wakifika kwenye ile pa, wanapiga viganja.

Yaya peke yake hakuuimba. Nilidhani haupendi muziki wa vijana.

Nilijua askari watakuja kunivunja mbavu, na kweli akaja kaporali mwenyewe, mchana kweupe, bunduki begani. Alinikuta uani akanizaba kofi kabla ya salamu.

"Weye njo ulitunga ule wimbo ya kamba?"

"Ndiyo, shefu."

Kofi la pili. "Na jina yangu iko wapi?"

Sikuelewa, akanisukumia kitako cha bunduki tumboni ili nielewe. Kwetu wanamuziki wakubwa hutupa majina. Katikati ya wimbo unamtaja mfanyabiashara fulani, mkubwa fulani wa serikali, naye anakulisha na kukuvisha kwa sifa hiyo. Asiyetupiwa jina ni mtu bure. Kaporali alikuwa amesikia wimbo mzima kuhusu askari anayeogopwa na pwani yote, akajitambua, akafurahi, kisha akangoja jina lake hadi kaseti ikaisha. Sasa alikuwa amesimama uani kwetu amenuna kama mtu aliyesahauliwa kwenye harusi.

"Munaniimba miye, halafu munaficha jina," alisema. "Ni wivu, ama?"

Tulirekodi upya siku ileile. Alikaa juu ya kinu cha yaya, mdomo wa bunduki umenielekea kifuani, nami nikatupa jina lake baada ya kila kiitikio, pamoja na cheo na kijiji chake. Alicheka hadi akajifuta machozi. Damu ilikuwa ikinitoka puani na mimi pia nilikuwa nacheka, moyoni.

Alipoondoka, yaya alitoka ndani. "Futa ile," aliniambia.

"Yaya, amejifunga mwenyewe! Sasa kila muntu atamujua."

"Na miye watanijua. Futa."

Sikufuta, wala sitaomba radhi hapa. Msanii asiye na kitu hafuti wimbo unaopendwa. Kaseti mpya zikaenda mbali kuliko za kwanza, na kaporali akawa anaucheza wimbo kwenye mabaa, shati wazi, akijinyooshea kidole kila alipotajwa.

Halafu utawala ukaanza kuanguka. Waasi walikuwa njiani kuingia mjini, na askari, kabla ya kukimbia, wakaamua kuumaliza mji. Walivunja maduka kwa magari, walipiga risasi kila aliyechelewa kufungua mlango. Jirani yetu walimuua kizingitini, wakairuka maiti yake na kubeba ile redio. Walipokwisha kuiba cha kuiba, walivua sare, wakazitupa majini, wakaanza kutafuta maboti.

Kaporali alikamatwa pwani akiwa na suruali ya kuazima isiyofika vifundoni. Waliomkamata walikuwa vijana kutoka mitaa ya juu ambao usiku huo walikuwa wamepoteza baba, maduka, na dada zao. Wengi walimjua kwa kaseti tu. Mmoja aliapa kwamba alimwona baa akiucheza wimbo, lakini walikuwa wamekwisha kumpiga sana, jicho moja halionekani, midomo imepasuka, na mwenyewe alikana jina lake kwa sauti yote. Nilipofika walikuwa wakimpiga kwa mapigo ya kiitikio changu. Pa, kimya, pa. Walikuwa wakiimba maneno yangu bila kukosea hata neno moja, na nilisikia raha, raha tupu, hadi vidoleni.

Aliniona. "Papa muimbaji!" alilia, yeye aliyenizidi umri. "Waambie! Jina ile si yangu. Miye ni muvuvi tu."

Kabla sijajibu, umati ulipasuka. Walikuwa wameenda kumleta yaya, mwanamke wa wimbo. Walimpitisha kwa heshima, "pita, Mama, pita," wakamtia kasia mikononi ili aanze yeye. Alimwangalia kaporali kwa muda mrefu. Mimi niliangalia mikono yake, nikiisubiri.

"Hapana huyu," alisema.

"Mama, tazama muzuri."

"Miye njo nilipigwa, hapana weye. Namujua ule muntu. Hapana huyu."

Wote wakanigeukia. Yaya naye akaniangalia, macho yaleyale ya utotoni, aliponiambia nirudishe kisu mezani. Nilitaka kusema kweli kuliko nilivyopata kutaka kitu chochote.

"Hapana huyu," nikasema.

Yule kijana wa baa ndiye aliyeanza. "Wanamuficha! Si alimutupia jina? Muntu anatupia jina muntu anayemulisha! Anakula naye huyu!" Na walikuwa na haki ya kufikiri hivyo, kwa maana ndivyo ilivyokuwa desturi. Kasia lilelile walimpokonya yaya, likanishukia mdomoni. Nilisikia meno yakivunjika kabla ya maumivu. Nilianguka, wakanipiga teke la mbavu, la shingo, la uso, na kati ya miguu yao nilimwona kaporali akitambaa majini na kushika ubavu wa boti. Hakugeuka nyuma. Kisha sikuona kitu tena, kwa sababu yaya alinilalia. Mapigo yaliyobaki aliyapokea yeye, mgongoni, bila kupiga kelele, hadi wanawake wa samaki walipokuja mbio na kuwatawanya wale vijana kwa matusi na visu vyao vya kazi.

Nyumbani aliniegemeza ukutani akaniwekea beseni chini ya kidevu. Hakuweza kunyoosha mgongo. Nilimuuliza kwa mikono tu: kwa nini?

"Pale njo nafasi yangu," alisema. "Ningeanika ndagala wapi? Pale angekufia? Na watu wananiimbia wimbo yako kila siku, hadi ninazeeka?"

Nilikuwa na jibu. Kwamba alistahili kufa, kwamba alikimbia kwa boti la wavuvi wa pwani yetu, kwamba wimbo ulisema kweli na sisi wawili tuliusingizia uongo mbele ya mji. Nimeandika vitabu tangu wakati huo, na jibu hilo bado ninalo. Nilifungua kinywa, kikajaa damu.

"Tema," alisema yaya.

Nikatema.