Kiatu Kikavu cha Daktari wa Mabomba

Mtaani walimwita kaka yangu Daktari wa Mabomba. Kiwandani alipima kona za mabomba ya mvuke kwa sauti ambayo sikio haliisikii: anapaka jeli, anaweka kipimo juu ya chuma, sauti inaingia na kurudi. Penye ufa inarudi mapema. Alikuwa akirudi nyumbani mikono ya shati imeganda jeli, na mama hakumwacha apite.

"Baba, leo tena umepengewa kamasi na nani?"

"Na bomba, mama. Lina mafua."

Kona ya bomba haikubali kipimo bapa. Huyumba kama sahani juu ya mpira. Kwa hiyo kila kona kaka aliichongea kiatu cha plastiki cha kuvalisha kipimo, akakisugua kwa msasa mpaka kiikumbatie.

Siku ile alikuwa akisugua kwenye meza iliyo chini ya kona yenyewe. Msimamizi akachoka kusubiri.

"Kwani unamshonea bibi harusi? Paka jeli nyingi, ijaze pengo!"

Kaka akakataa. Msimamizi akapaka jeli, akapitisha kipimo bapa kwa mkono wake, hakuona ufa, akaamuru mvuke ufunguliwe. Kona ikapasuka. Kaka hakuwahi hata kuinuka.

Msimamizi alikuja msibani na shati lililonyooshwa vizuri, akasimama mbele ya watu. "Marehemu aliipima kona ile mwenyewe. Binadamu hukosea. Ni mapenzi ya Mungu."

Nasali asubuhi na jioni, lakini sijawahi kuona jina la Mungu likifanywa tambara la kufutia mikono namna ile.

Mama hakulia. Alichukua kile kiatu kilichotolewa kiganjani mwa kaka, akampa fundi wa kuchomelea aliyefanya kazi naye. "Mwanangu, hebu kitazame."

Fundi akakipitishia kidole. "Kikavu, mama. Vumbi la msasa tu. Hakijaonja jeli."

"Labda alitumia bapa," msimamizi akasema.

"Yeye, bapa? Bapa ulishika wewe, bosi. Mimi nilikuwa pale pale."

Watu wakaguna. Msimamizi akamnyooshea mama mkono. "Poleni sana, mama."

Mama akautazama ule mkono. "Kanawe kwanza, baba. Bado una jeli."

Haukuwa na kitu, lakini msimamizi aliugeuza akautazama.