Ngumi ya Radi Sebuleni kwa Baba Neema

Jamani, aibu niliyoipata Kongwa naieleza mwenyewe kabla hamjaisikia kwa watu wa mtaa wetu wa Chang'ombe, Dodoma, ambao wameshaiongezea chumvi. Nilimng'oa mshenga wetu meno sebuleni kwa wakwe, tena kwa ngumi (yalikuwa meno ya bandia, hilo huwa hawalisemi).

Tulikuwa tumepeleka barua ya posa ya Yona, mtoto wa marehemu kaka yangu, ambaye nimemlea mwenyewe. Alimpenda Neema miaka mitatu akiogopa hata kunitajia. Mwenyewe alibaki nyumbani kama desturi inavyotaka, mimi nikaenda na Mzee Lazaro, mshenga, jirani yangu na mzee wa kanisa, ambaye njia nzima alinisisitizia jambo moja, "Mama Eliya, leo mdomo ni mmoja, nao ni wangu," nikaitikia ndiyo baba, maana najijua.

Tukakaribishwa vizuri, chai, bakuli la karanga, ila hatukuweza kuanza kwa sababu mjomba wa Neema alikuwa bado kwenye basi kutoka Kondoa, na pale posa haipokelewi bila mjomba. Kungoja huko ndiko kulikoniponza. Baba mdogo wa Neema akatoa simu akatuonyesha bingwa wa ngumi wa sasa, yule kijana wanayemwita Mashine, akimlaza mtu chini, akasema, "Huyu Radi wenu wa zamani mnayemsifu, angekutana na Mashine asingemaliza raundi ya kwanza." Baba Neema akakubali. Mzee Lazaro naye akakubali, yeye ambaye kila Jumapili baada ya ibada hunisimulia mapambano ya Radi, eti awafurahishe wakwe.

Ningenyamaza tu. Lakini mimi baba yangu alikuwa akinipakata, redio iko sikioni, tunamsikiliza Radi pambano kwa pambano, na siku Radi alipopigwa ndiyo siku pekee niliyomwona baba analia. Iliniuma. Nikasema kwa heshima zote, "Mashine analala raundi ya nne."

Baba mdogo akacheka. "Mama, na wewe unajua ngumi?"

Basi nikasimama (hapo ndipo nilipopaswa kukaa), nikakaza kitenge, nikamwambia Mzee Lazaro asimame awe Mashine, akagoma, nikamvuta mkono, nikaanza kuwaeleza kwamba Mashine akirusha mkono wa kulia anaacha shavu wazi, na Radi alikuwa wa kushoto, anaingia chini, anainuka na ngumi yake, nami nikaingia chini, nikainuka na yangu, na Mungu anajua nilikusudia iishie hewani, ila Mzee Lazaro, badala ya kurudi nyuma, akainama kuangalia miguu yangu. Meno yakaruka yakatua kwenye karanga. Na hapo hapo mlango ukafunguka, mjomba akaingia na begi lake, akauliza kama amechelewa.

Nilitamani ardhi inimeze. Ule mdomo mmoja tulioutegemea ulikuwa umefunikwa na leso. Simu ikatetemeka kwenye mkoba wangu, nikachungulia, Yona ameandika, "Shangazi, wamesemaje?"

Wenyeji wakaingia chumbani kushauriana, wakakaa huko mpaka chai yangu ikapoa. Walipotoka, Baba Neema alibaki amesimama.

"Mama, umempiga mshenga ndani ya nyumba yangu. Hilo lina faini, mbuzi jike. Bila faini, barua hii inarudi Dodoma. Ila mimi si mtu mgumu. Tamka tu mbele ya mjomba kwamba Mashine anampiga Radi, tucheke, tusahau, tupokee barua."

Wote wakanitazama. Mzee Lazaro akanipungia mkono, sema, sema. Simu ikatetemeka tena. Yalikuwa maneno matatu tu, na kwa Yona ningefanya lolote, nilishauza hata cherehani yangu asome, lakini nilimwona baba yangu na redio yake, mdomo ukakataa.

"Mbuzi nitaleta," nikasema. "Ninaye mmoja, mweupe, ana mimba. Ila Mashine analala raundi ya nne."

Baba Neema akamgeukia mjomba, akasema, "Pokea barua. Asiyebadili neno lake hata kwa mbuzi, huyo ni mtu wa ahadi. Ila siku ya mahari, huyu mama akae mbali na mshenga."

Nilimpeleka mbuzi mwenyewe, na alipolia wakati namwacha, na mimi nililia, sioni haya kusema. Mzee Lazaro nimemwomba radhi mbele ya mchungaji. Naapa sitasimama tena sebuleni kwa watu kuonyesha jambo lolote, hata namna ya kusonga ugali. Lakini juzi baba mdogo wa Neema alinipigia simu, anacheka, anauliza kama nimebadili mawazo, nikamjibu mbuzi yule ni wa meno ya Mzee Lazaro, si wa Radi, na raundi ni ile ile ya nne.