Bwanali Arudisha Mkanda

Kiingereza Bwanali hakukijua hata cha kuombea maji, lakini kibanda cha video pale Newala kilijaa kwa ajili ya mdomo wake. Enzi za ruksa, biashara zilipofunguliwa, zilileta jenereta, deki na mikanda ya vita. Maana yake aliileta Bwanali, kwa kusoma kamera. "Ikipita chini majanini, jamani, tunatambaa na askari. Ikimsogelea mtu usoni, inataka tumpende kabla hajaondoka." Fundi yule, acha tu! Na kila askari alimpa jina la huku kwetu, Zabroni wa Lukuledi, Filemoni wa Tandahimba, watu wasipotee njiani.

Jumapili moja, ulimi kwa kuwa hauna mfupa, akamwita askari mmoja kijana Gasper. Benchi la mbele alikuwa amekaa Mama Gasper mwenyewe.

Mwanawe alikwenda vitani Msumbiji, na wenzake waliorudi walisema amekufa. Mama alikataa kuweka matanga. Siku lori la jeshi lilipomchukua kijana, yeye alikuwa bondeni kuteka maji, kama wanawake wote wa huku juu. Aliporudi na ndoo kichwani alikuta vumbi tu. "Sijamuaga," alisema miaka yote, "nitamliliaje?"

Bwanali alimwona amechelewa, na alijua kinachofuata kwenye mkanda. Kijana anakimbia, kamera inamfuata mgongoni bila kukatika, halafu inasimama. Yeye anaendelea, anakuwa mdogo, moshi unammeza. Siku nyingine Bwanali angepiga kelele, "Amekwisha!" Siku hiyo neno hilo hakulitoa.

"Bwanali, mwanangu," alisema Mama Gasper, "mrudishe."

"Nimrudishe, mama?"

"Mrudishe."

Akabonyeza deki. Kijana akatoka moshini kinyumenyume, mgongo kwanza, akakua, akakua, mpaka mkanda ukafika pale kamera ilipomsogelea usoni.

"Hapo! Simamisha."

Uso ukasimama, ukitetemeka. Mama Gasper akanyanyuka, akaweka kiganja kwenye kioo cha televisheni.

"Nilikuwa nimefuata maji, baba," alisema. "Haya, nenda salama." Kisha akamgeukia Bwanali. "Sasa mwachie, aende."

Kesho yake mikeka ya matanga ilitandikwa uani kwa Mama Gasper, naye akalia kwa sauti. Bwanali, mwenye maneno yote yale, aliketi mkekani akalia naye.