Kushika Tama kwa Ajili ya Shule

Ilianza Jumapili, saa tisa na robo alasiri, sebuleni kwetu Lanham, huku ughaibuni, nilipovaa baibui la mama na kujizungushia shingoni karatasi za kuchujia kahawa nilizozibana kwa stepla.

Mwalimu wetu wa sanaa alitupa kazi ya picha za kale za Uholanzi. Kila mmoja achague picha ya mtu ambaye mchoraji alimwonyesha kuwa anaumwa akili, kisha Jumatatu asimame mbele ya darasa aieleze. Mimi kusimama mbele ya watu siwezi. Hata dereva wa basi akipitiliza kituo changu simwambii, narudi kwa miguu. Mwalimu akanihurumia: nikijipiga picha nimekaa sawasawa na mtu wangu, nitaibandika ukutani na sitasema neno. Mtu wangu alikuwa mwanamke wa nguo nyeusi na kola nyeupe, macho chini, shavu limelalia kiganja. Mwalimu alisema enzi zile mkono shavuni ndiyo ilikuwa alama ya ugonjwa wa huzuni.

Basi nikaegesha simu kwenye kabati la vyombo, nikakaa dirishani, nikashika tama.

"Wee mke mwenzangu! Toa mkono!" Bibi alitoka jikoni na mwiko. Amekuja kututembelea kutoka Tanga, na huniita hivyo kwa utani, maana anasema babu ni mume wetu sote. "Nani kafa? Mtoto hashiki tama, unatuitia msiba!"

"Ni ya shule, Bibi."

"Shule gani hiyo inafundisha uchuro?"

Akanishusha mkono. Aliporudi jikoni, nikaupandisha. Akatokea tena. Kufikia magharibi nilikuwa na picha tele, na katika kila moja kuna mkono wa Bibi: huu unanivuta kiwiko, huu unanipiga kikofi begani, mwingine umeshika mwiko unaodondosha mchuzi kwenye kola.

Mama akarudi kutoka kazini, anakotunza wazee. Aliponiona pale dirishani, hata karatasi hakuziuliza. Aliketi kando yangu na koti lake mwilini.

"Mwanangu, una huzuni? Niambie tu ukweli."

Nilianza kumjibu kwa Kiingereza kwamba niko sawa. Kisha nikaona alivyokuwa anasubiri, nikasema: huzuni sina, nina woga wa kusimama mbele ya darasa. Nikawaonyesha yeye na Bibi picha ya yule mwanamke kwenye simu.

Bibi akavaa miwani. "Huyu kashika tama hivi, na mchoraji kakaa mbele yake?"

"Ndiyo, Bibi."

"Siku ngapi?"

"Sijui. Labda wiki."

"Wiki nzima mtu anachora kola, hamuulizi mwenzie ana nini! Mgonjwa hapo ni yule mwenye brashi."

Mama alicheka mpaka akasahau kuvua koti.

Asubuhi sikuwa na picha ya kubandika isiyo na mkono wa Bibi. Nilisimama mbele ya darasa, nikaiambia sakafu kwamba bibi yangu anaona mgonjwa ni mchoraji. Wakacheka. Mwalimu akauliza, sasa mchoraji angefanya nini?

"Angeweka brashi chini," nikasema, na sauti ikatoka kubwa kuliko nilivyopanga, "amuulize kama amekula."

Kisha nikaenda kuketi, kwenye kiti cha mtu mwingine.